Tuandike Majina ya Waliolala Makaburini

Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo, mkoani Tanga

 

Leo sikuja kuzungumza juu ya mbolea wala choo bora. Hayo tumeyazungumza, na tutayazungumza tena. Leo nataka tuzungumze juu ya makaburi. Najua yupo mtu anayesema moyoni, "Bwana Elimu, mbona unatuletea habari za msiba?" Sileti msiba, ndugu yangu. Naleta kazi ya kalamu. Mmejifunza kusoma na kuandika, na kazi hii inawasubiri ninyi.

Sisi tunakaa katika nchi ya mkonge. Ukienda Korogwe, ukienda Muheza, na katika miji midogo iliyo kati ya mashamba, utakuta makaburi ya zamani. Ingia humo utazame. Machache yana msalaba wa saruji au jiwe lenye jina. Mengine yana jiwe tupu kichwani. Mengine yamedidimia, umebaki mnyaa tu au mti mwingine uliopandwa na ndugu wa marehemu. Nyasi zimefunika. Mbuzi wanapita.

Sasa tuulizane. Nani wamelala pale? Si wageni waliopita njia. Ni watu waliokaa hapa miaka 30, miaka 40, wengine zaidi. Yupo mkunga aliyetupokea sisi tulipozaliwa. Yupo aliyechimba kisima tunachoteka maji mpaka leo. Yupo fundi aliyetengeneza milango ya nyumba zetu, na mwalimu wa chuo, na katekista, na mama aliyeuza maandazi njiani watoto wakienda shule. Hao ndio waliofanya mahali hapa pawe mji. Lakini ukiuliza majina yao kamili, wanaoweza kujibu ni wazee wachache.

Nitawapa mfano mmoja. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, miche mingi ikafa. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 mashamba yakaenea. Miaka ya 1960 ilipoanza, nchi yetu ilikuwa ikitoa katani zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na hakuna nchi iliyotushinda duniani.

Habari ya ile miche 62 tunaijua kwa sababu iliandikwa. Mtu aliihesabu, akaandika, na sisi leo tunasoma. Je, watu walioukata mkonge huo? Hao nao waliandikwa, lakini waliandikwa kwa namba. Ndiyo maana wakaitwa manamba. Neno hilo tunalitamka kila siku bila kulifikiri. Mtu aliondoka kwao na jina lake alilopewa na baba yake, akafika kambini akapewa namba.

Walitoka mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha shirika lao la kutafuta wafanyakazi, lililoitwa SILABU. Watu waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Njombe na Ufipa, na wengine kutoka Rwanda, Burundi na Msumbiji. Walifanya kazi kwa kipande. Ukimaliza siku 30 za kazi, kipande kimejaa, ndipo unalipwa. Siku ambayo hukwenda kazini haikuhesabiwa.

Mkataba ulipokwisha, wengi walirudi kwao. Wengine walibaki. Walioa hapa, wakalima hapa, wakazaa hapa. Baadaye katani ilishindana na nyuzi za kutengenezwa viwandani, bei ikaanguka, mashamba mengi yakafungwa. Wao hawakuondoka. Walikuwa wamekwisha kuwa wenyeji. Walipokufa, tuliwazika sisi.

Lakini jina? Mara nyingi tuliwaita kwa kule walikotoka. Huyu Mzee Muha, yule Mzee Mngoni, yule Babu Mmakonde. Mtu alianza kwa namba, akaendelea kwa kabila, akazikwa. Jina lake hasa alilijua mkewe, na rafiki yake mmoja au wawili. Mkewe naye akifariki, jina limekwisha.

Na mama zetu ni hivyo hivyo. Mwanamke akizaa, tunamwita kwa jina la mtoto wake. Ni heshima, sikatai. Lakini Mama Asha aliitwa nani kabla ya kumzaa Asha? Wajukuu wangapi wanajua?

Labda mtasema, "Waliokufa wamekufa, jina litawasaidia nini?" Hebu tuone. Litatusaidia sisi tulio hai, tena kwa mambo matatu.

Kwanza, ardhi. Mashamba ya zamani yanagawanywa. Barabara zinapanuliwa. Viwanja vinapimwa. Nchi yetu ina Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Sheria hiyo inataka kwamba makaburi yakihitajika kuhamishwa kwa kazi ya umma, watu wanaohusika wapewe taarifa kwanza, na walipwe gharama zinazofaa za kuhamisha na kuzika upya. Hata gharama za tambiko zimetajwa. Sheria ni nzuri. Lakini siku mpima ardhi atakapokuja na kuuliza, "Kaburi hili ni la nani?" utajibu nini? Utaonyesha nini? Kaburi lisilojulikana halina wa kulisemea.

Pili, ukoo. Wapo watu Kigoma na Songea ambao babu yao alikwenda mkongeni akapotea. Hawajui alikufa lini wala alizikwa wapi. Siku moja mjukuu atashuka katika basi hapa, ataulizia. Tukiwa na daftari, tutamwonyesha mstari na kaburi, naye atasoma dua au sala yake, moyo utatulia. Tusipokuwa nalo, tutamwonyesha majani.

Tatu, watoto wetu. Mtoto anayejua nani alichimba kisima hataona haya kukisafisha. Mtoto asiyejua hudhani mji uliota wenyewe kama uyoga.

Zamani mtu mmoja alituonyesha nguvu ya kalamu katika jambo hili. Mwaka 1873 Dakta Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, akina Abdallah Susi na James Chuma, walizika moyo wake chini ya mti. Mwili waliukausha, wakauchukua kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Miongoni mwao alikuwamo kijana aliyeitwa Jacob Wainwright. Yeye aliwahi kuwa mtumwa, akaokolewa, akasomeshwa. Alijua kusoma na kuandika. Kabla ya kuondoka alichukua kisu akachonga juu ya ule mti jina la marehemu na tarehe. Na hakuishia hapo. Alichonga pia majina ya baadhi ya wenzake.

Mti wenyewe haupo tena pale, lakini maandishi yalinakiliwa, kipande cha mti kikahifadhiwa, na mnara ukajengwa. Mahali panajulikana mpaka leo. Yule hakuwa tajiri wala mkubwa wa serikali. Alikuwa mtu mmoja aliyejua kuandika, akaona kazi, akaifanya siku ile ile. Ninyi leo mnajua kuandika. Na hamhitaji kisu. Daftari la kawaida na kalamu ya wino vinatosha.

Sasa tufanyeje? Sikilizeni utaratibu.

Anzeni kwa kumwona mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, na viongozi wa msikiti na kanisa. Waelezeni mnachotaka kufanya. Msiingie makaburini kimya kimya, watu watawadhania vingine.

Kisha chagueni watu wanne au watano. Wawili waandike. Mmoja apime kwa hatua. Na wazee wawe kati yenu, mzee wa kiume na bibi, maana bibi wanakumbuka mambo ambayo wazee wa kiume hawakuyaona. Nendeni asubuhi, kabla ya jua kali. Mchukulieni mzee kigoda akae.

Pangeni makaburi kwa mistari, mkianzia kwenye alama isiyohama, kama mti mkubwa au ukuta. Kila kaburi lipeni namba. Safari hii namba isimeze jina. Namba ituongoze kwenye jina. Andikeni hivi:

Kaburi la 14, mstari wa pili kutoka kwenye mwarobaini.
Jina: Bibi Fulani binti Fulani.
Tulivyomwita: Mama Fulani.
Alikotoka: Kasulu, Kigoma.
Alifika hapa: kabla ya Uhuru.
Kazi yake: mkunga, na mkulima wa mihogo.
Alifariki: 1998, wakati wa mvua za Elnino.
Aliyeeleza: jina la mzee, na tarehe aliyoeleza.

Mtauliza, tutajuaje mwaka? Wazee wengi hawasemi mwaka, lakini wanajua kilichotokea. Muulize: Ilikuwa kabla ya Uhuru wa 1961 au baada yake? Kabla ya Azimio la Arusha la 1967? Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha? Je, Sokoine alikuwa hai? Yeye alifariki 1984. Mwalimu Nyerere je, aliyefariki 1999? Kwa maswali hayo utakaribia mwaka. Usipoupata, andika "kati ya mwaka huu na huu". Usibuni.

Wazee wawili wakitofautiana, andikeni maneno ya wote wawili. Msigombane juu ya kaburi. Kaburi lisilojulikana kabisa, andikeni "halijulikani", mwache nafasi. Labda kesho atatokea anayejua. Wala msiandike ugonjwa wa mtu, au ugomvi wake, au deni lake. Hayo siyo tuliyoyafuata.

Daftari likikamilika, nakilini mara mbili. Moja likae ofisi ya kijiji, moja msikitini au kanisani, moja shuleni. Mchwa wakila moja, mawili yatabaki.

Kuna wanaosema kwamba dini haipendi makaburi yajengwe kwa fahari. Ni kweli, Waislamu wengi wanafundishwa hivyo, nami naheshimu. Lakini daftari halijengi kaburi. Kaburi libaki udongo mtupu, jina likae kwenye karatasi. Wengine wanaogopa kwamba kuandika makaburi ni kuita kifo. Ndugu zangu, kifo hakisubiri kuitwa. Kinakuja kwa wenye daftari na wasio na daftari.

Jambo moja tusilichanganye. Daftari hili si cheti cha kifo. Mtu akifariki leo, kifo chake kinapaswa kuandikishwa kwa msajili katika siku 30, na cheti hutolewa na RITA. Cheti hicho ndicho kinachotakiwa katika mirathi. Daftari letu ni la kumbukumbu ya mji, hasa kwa wale wa zamani ambao hawakupata cheti.

Ndugu wahitimu, mlipoanza kisomo, neno la kwanza wengi wenu mlilotaka kuandika lilikuwa jina lenu. Mlifurahi kuliona. Mtu aliyeweka dole gumba miaka yote aliona jina lake kwa mkono wake mwenyewe, akalikunja lile karatasi akaenda nalo nyumbani. Wale walioko makaburini wengi wao walikufa na dole gumba. Hawawezi tena kuja darasani. Waandikieni ninyi.

Wazee wanaojua wapo, lakini si wengi, na masika yanakaribia. Wiki hii nunueni daftari. Wiki ijayo ingieni mstari wa kwanza.



Maswali ya kujadili darasani

1. Katika makaburi ya mahali petu, ni mzee gani anayejua makaburi mengi kuliko wengine? Nani atakwenda kumwona?

2. Taja watu watatu waliokaa hapa muda mrefu na ambao sasa ni marehemu. Unajua majina yao kamili? Walifanya kazi gani?

3. Andika habari za mmoja wao kwa mistari minane, kama ulivyoonyeshwa juu.