Mtoro Akibisha Mlangoni

Leo nataka kunena juu ya dini ya mikono, maana dini ya midomo tunayo ya kutosha. Kusali twajua, kuimba twajua, na siku ya sikukuu hapana kanisa lisilojaa. Lakini nabii Isaya na Mtume Yakobo wote wawili huipima ibada kwa kipimo kingine: yatima amepata nini, na mjane ametendewaje. Nami sitaki kulieleza jambo hili kwa maneno matupu. Nitawapeleka Rabai, nyuma ya Mombasa.

Hapo Rabai palikuwa na mchungaji Mwafrika, jina lake William Jones. Katika utoto wake alikuwa mtumwa. Akakombolewa, akapelekwa Bara Hindi, akasomeshwa huko, kisha akarudi pwani yetu. Mwaka 1885 alipewa ushemasi na Askofu Hannington.

Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa imekwisha pigwa marufuku na Sultani, tangu mwaka 1873, bali kuwa na mtumwa shambani kulikuwa halali bado. Basi waliochoka na mijeledi wakatoroka, wakapanda vilima mpaka Rabai. Misheni ikaingia katika shida. Mwaka 1880 wenye watumwa waliitishia Freretown, na wakubwa wa misheni wakaagiza kwamba watoro wasipokewe tena. Msilicheke agizo hilo: waliogopa vita, na huenda damu nyingi ingalimwagika. Lakini agizo huandikwa mezani, na mtoro hubisha mlangoni. Yu mbele yako, ana kovu mgongoni, ana mtoto mkononi. Utamwambia nini?

Mwaka 1888 ikaonekana kwamba watoro kama 1,400 walikuwa wakikaa katika vituo vya misheni, na wengi wao walikuwa Rabai kwa Jones, wamejenga na kulima. Mabwana wakawadai. Ndipo Mackenzie, mkuu wa Kampuni ya Kiingereza, alipokubali kuwalipa mabwana fedha, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wakapewa hati za uhuru pale Rabai.

Naisifu siku ile. Hata hivyo neno moja hunikaa moyoni: fedha walipewa mabwana. Waliovuja jasho mashambani walipata karatasi. Karatasi njema, naam, hata bora kuliko fedha. Lakini ujira wa kazi yao ya miaka yote hakuna aliyeuhesabu. Haki ilifika nusu ya njia.

Utumwa wa pwani ya Kenya ulifutwa kwa sheria mwaka 1907. Mlango haujaacha kubishwa. Mjane hubisha, ambaye shemeji zake wamegawana shamba kabla ya matanga kwisha. Yatima hubisha, anayechota maji wakati watoto wa mjomba wake wamo darasani. Mtumishi wa nyumbani hubisha, na mara nyingi mlango anaobisha ni wa Mkristo mwenziwe, aliyeuzuia mshahara wake mwezi wa tatu sasa.

Sisi twapenda kumpelekea mjane kibaba cha unga. Ni jambo jema, nami silitukani. Lakini siku ya baraza, shamba lake linapoamuliwa, kila mtu ana safari yake! Sababu yake ni wazi. Kibaba hakimkosanishi mtu na jirani. Bali kusema kweli mbele ya wazee, shemeji zake wakikutazama, kwaweza kukuvunjia udugu. Hapo ndipo imani huanza kuwa na gharama, na hapo ndipo wengi wetu hugeuka nyuma.

Ninyi vijana mliosoma, mna kalamu. Nendeni kwa mama huyo wawili wawili, msiende peke yenu. Mwandikieni mipaka ya shamba, na miti aliyoipanda marehemu, na majina ya mashahidi walioona kwa macho yao. Andikeni upesi, maana mashahidi wenyewe ni wazee.