Barua za Mjomba: Kumbukumbu ya Vita vya Kagera

(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme juu ya vita vya Kagera. Najua vijana wanangoja habari za mizinga. Nitazigusa, lakini hasa nataka kumzungumzia mtu mmoja.

Majeshi ya Idi Amin yaliivamia nchi yetu mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaikalia ardhi yetu iliyo kaskazini ya mto Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga adui tunavyo. Mimi nilikuwa na miaka 20. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko JKT kwa mujibu wa sheria. Mafunzo yaliharakishwa, tukapelekwa mkoa ambao wakati ule ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi.

Katika seksheni yetu alikuwamo mkulima wa Njombe aliyetoka mgambo, mtu wa makamo. Sote tulimwita Mjomba. Yeye aliniita Karani, kwa sababu ya kidato changu cha sita. Alinifundisha kuchimba handaki lisilojaa maji, kula chakula kinapopatikana, na kulala nimeketi. Mimi nilimwandikia barua zake. Kusoma alikuwa amejifunza katika kisomo cha watu wazima, ila kuandika kulimchosha kuliko jembe. Haukupita muda nikawa naiandikia nusu ya seksheni.

Mahali tulipo hatukuruhusiwa kupataja. Basi watu waliulizia mbolea, ng'ombe mwenye mimba na deni la jirani. Mjomba alikuwa na neno moja la kumalizia kila barua: binti asitolewe shule.

Daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa na adui, tukavuka kwa daraja la muda la jeshi. Ng'ambo tulikuta nyumba zimebomolewa na mifugo imeswagwa. Mutukula ilitekwa Januari 1979, na Masaka tarehe 24 Februari. Sehemu kubwa ya njia tulikwenda kwa miguu.

Jioni ya tarehe 10 Machi, pale Lukaya, kwenye barabara iliyopita katikati ya kinamasi, makombora ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin yalituangukia mfululizo. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuona jambo kama lile, na safu zikatawanyika. Mjomba alinishika mkanda gizani, akasema, "Karani, hapa hakimbii mtu peke yake." Tukajikusanya mmoja mmoja, hata tukawa saba. Kesho yake brigedi nyingine ilitokea ubavuni mwa adui, nasi tukasonga mbele, adui akavunjika. Tarehe 11 Aprili Kampala ilikombolewa.

Mjomba hakufa Lukaya. Alifariki Mei, njiani kuelekea kaskazini, lori letu lilipopinduka. Majuma machache baadaye, mapema Juni, majeshi yetu yalifika mpaka wa Sudan na vita vikaisha. Barua yake ya mwisho ilikuwa mfukoni mwangu, haijatumwa.

Nilipopata likizo niliipeleka Njombe kwa mkono wangu. Mkewe aliniuliza, "Alikufa akipigana?" Nikamweleza kweli. Mzee mmoja pale msibani akanong'ona kwamba kumbe ni ajali tu.

Ndugu zangu, neno hilo "tu" limenikaa moyoni miaka yote hii. Takwimu za upande wetu zilitaja askari 373 waliokufa, na waliouawa na adui kati yao ni 96. Wengine walichukuliwa na ajali na maradhi. Je, hao si mashujaa? Mtu aliacha shamba lake, akalala matopeni miezi sita, akamshika mkanda kijana asiye wa kabila lake ili asipotee gizani. Kilichomwua hakiwezi kufuta aliyoyatenda. Pale Kaboya, wilayani Muleba, mashujaa wetu wamelala pamoja, wala hakuna safu ya waliokufa kwa risasi na safu ya waliokufa kwa homa.

Binti hakutolewa shule. Alimaliza darasa la saba, na barua ile anayo hata leo.

Sasa nina ombi kwenu, vijana. Katika vijiji vyenu wako wazee waliokwenda vitani, na kila mwaka wanapungua. Wengi hawataandika kitabu. Likizo ijayo chukueni daftari, mketi nao, mwaandikie kama watakavyosema wenyewe, na yale ya ng'ombe na mbolea msiyaache. Kazi hiyo mimi niliipata kwa sababu shule hii ilinifundisha kuandika. Ninyi pia imewafundisha.