Tawi Juu ya Kipima Mvua

Ndugu msikilizaji, juma hili sitazungumzia foleni ya Barabara ya Sokoine wala bei ya mchele. Nataka tuzungumze juu ya tawi la mti.

Jumanne ya juma lililopita nilikwenda shule moja ya msingi juu ya Tengeru, upande wa kusini wa Mlima Meru, kurekodi kwaya. Kwaya ilichelewa kuanza, kama ilivyo ada ya kwaya, nami nikawa nazungukazunguka, kinasa sauti begani. Nyuma ya darasa la sita nikakuta uzio mdogo wa waya, na ndani yake mtungi wa chuma usiozidi kimo cha goti. Nikamwuliza mwalimu wa zamu. "Hicho ni kipima mvua," akanijibu. "Wanafunzi huandika kila siku." Akanionyesha na daftari. Lakini mimi nilikuwa natazama juu. Tawi la mgrivea, nene kama paja la mtu mzima, lilikuwa limetandaza majani yake juu ya mtungi ule mithili ya mwavuli.

Sikusema kitu. Stashahada yangu ni ya uandishi wa habari, na fizikia niliiacha kidato cha nne, nayo ikashukuru. Lakini kule Sakina ninakoishi nina jirani, mzee aliyestaafu kazi ya kupima hali ya hewa. Jioni nikabisha hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pita ndani."

Nikamweleza habari ya tawi. Akaweka kikombe cha chai mezani, uso umebadilika kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Kitu chochote kirefu," akasema, "kiwe mbali na kipima mvua angalau mara mbili ya urefu wake. Mti wa mita 10 ukae mita 20. Hilo tawi linakunywa mvua kwanza, kisha kipima kinapewa masazo. Upepo ukivuma baadaye, majani yanadondosha maji wakati hata mvua imekwisha. Sasa namba hiyo utaiitaje?"

Mzee huyu kwa miaka mingi alikuwa akisoma kipima mvua saa tatu kamili asubuhi. Siyo saa tatu na robo. Milimita 1 kwenye kipimo, alinieleza, ni sawa na lita 1 ya maji katika kila mita moja ya mraba ya ardhi. Kwa hiyo ukikosea milimita 5, umekosea maji mengi mno shambani kwa mtu. Nami kwa ujuaji wangu nikamwuliza: kwani siku hizi si zipo setilaiti zinazoona mvua yote kutoka huko juu? Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Na hizo setilaiti," akasema, "nani anazisahihisha?"

Msikilizaji, swali hilo lilinikosesha usingizi. Nikaanza kusoma. Na katika kusoma nikakutana na kisa kilichonirudisha kwenye tawi lile lile.

Tarehe 15 Julai, 2004, Wamarekani walirusha kutoka California setilaiti iitwayo Aura, kazi yake kuichunguza hewa inayoifunika dunia. Ilizunguka kilomita 705 juu yetu. Ilibeba vyombo vinne vya kupimia, na kimojawapo, kwa kifupi HIRDLS, kilitengenezwa na wanasayansi wa Uingereza na Marekani kwa pamoja. Chombo hicho kilikuwa jicho la kuona joto. Kilitazama ukingo wa dunia, pale hewa inapokoma na weusi wa anga unapoanza, na kwa joto lililotoka hapo wataalamu waliweza kujua ozoni ni kiasi gani na mvuke wa maji ni kiasi gani katika kila tabaka la hewa.

Kilipowashwa, namba zilizoteremka hazikueleweka. Wakachunguza, wakachunguza tena. Ikadhihirika kwamba kipande cha plastiki nyembamba, ya namna inayotumika kukinga joto, kilikuwa kimebanduka ndani ya chombo na kuziba zaidi ya asilimia 80 ya dirisha lake. Inaaminika kilibanduka wakati roketi ikipaa, hewa iliyokuwa ndani ya chombo ilipotoka kwa kasi. Miaka ya jasho la watu, na mbele ya jicho pana plastiki!

Hebu jiweke katika nafasi yao. Darubini ya Hubble ilipokuwa na kasoro, mwaka 1993 watu walipanda kwa chombo cha usafiri wa anga wakaitengeneza, maana ilijengwa iweze kufikiwa. Aura haikuwa na bahati hiyo. Huko hakuna fundi wa kupanda, hakuna ngazi, hakuna panga. Walichokuwa nacho waendeshaji ni amri za redio tu: fungua, funga, geuka, washa, zima. Basi wakafungua na kufunga mlango wa chombo. Wakakipeleka kioo chake huku na huko wakitumaini plastiki itasogea. Haikusogea.

Hapa ndipo nilipowapa heko. Waliona kwamba ikiwa hawawezi kuiondoa plastiki, basi lazima waijue. Plastiki nayo ina joto lake, na joto hilo linaingia katika kila kipimo, kama vile kelele ya feni inavyoingia katika kipaza sauti changu studioni. Wakaiamuru setilaiti nzima iinue uso kidogo, mpaka jicho lile litazame anga tupu, mahali pasipo na hewa yoyote ya kupimwa. Joto lililoonekana wakati huo halikuwa la hewa. Lilitoka kwenye plastiki yenyewe. Wakaliandika. Wakarudia zoezi hilo siku nyingine. Kisha wakakaa chini na kompyuta zao, wakaanza kulitoa joto la plastiki katika kila namba iliyoteremka. Kazi ya subira kuliko kupembua mchele wenye mawe.

Na yale yasiyoonekana wakakiri kwamba hayaonekani. Upenyo uliobaki ulikuwa upande mmoja tu wa dirisha, kwa hiyo sehemu kubwa ya Antaktika haikuweza kutazamwa. Hapo palibaki wazi. Hawakubuni namba za kupajaza. Chombo kile chenye mtoto wa jicho kilitoa vipimo kwa miaka mitatu na ushei, mpaka Machi 2008, kisahani chake kinachozunguka kukatakata mwanga kilipogoma kuzunguka. Kwa hilo hapakuwa na dawa.

Labda yuko anayesema: hayo ni ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini? La hasha. Ukinyoosha kamba kutoka hapa Arusha kwenda mashariki, bila kufuata kona za barabara, kabla kamba haijafika kilomita 400 utakuwa Malindi, Kenya. Kaskazini mwa mji huo, kwenye maji ya Ngomeni, Waitalia walisimamisha majukwaa yao ya chuma yaitwayo San Marco. Tarehe 26 Aprili, 1967 waliirusha kutoka hapo setilaiti ya kupima hewa ya juu, wakarusha nyingine mwaka 1971, nyingine 1974, na ya mwisho tarehe 25 Machi, 1988. Mwenye fikra hiyo alikuwa Profesa Luigi Broglio wa Roma. Alipapenda pale kwa sababu ni karibu na ikweta, na mbele yake ni bahari tupu. Roketi ikiharibika haimwangukii mtu.

Chombo alichobuni Broglio ni mizani. Setilaiti yenyewe ina ganda jepesi kwa nje na mwili mzito kwa ndani, na viwili hivyo vimeunganishwa kwa mikono inayonyumbuka. Hewa inapolisukuma ganda, mikono inanyumbuka kiasi kidogo mno, na kiasi hicho ndicho kinachopimwa. Hewa gani, kilomita 200 kutoka chini? Ipo, ingawa ni nyembamba kupita kiasi. Lakini kitu kinachokimbia kilomita zaidi ya 7 kwa sekunde, yaani Arusha hadi Moshi kwa sekunde kama 11, hata hewa hiyo kinaisikia.

Kwa kuwa zilizunguka karibu na mstari wa ikweta, setilaiti hizo zilipita juu ya Afrika ya Mashariki karibu kila baada ya saa moja na dakika 40. Kuonekana kwake kutoka sehemu moja ni dakika kama 10. Katika dakika hizo mwendeshaji wa chombo cha namna hiyo ana mengi ya kufanya: apokee vipimo, aulize hali ya betri, aangalie kama vyombo vimepoa mno kule gizani au vimechemka mno juani, atume amri mpya. Kisha chombo kinazama upande wa Bahari ya Hindi, naye anabaki kungoja. Mimi nimerusha vipindi vya moja kwa moja miaka mingi. Najua dakika 10 zilivyo fupi pale ambapo kosa halifutiki.

Ile ya 1988 haikumaliza mwaka. Ilianguka mwezi Desemba. Hewa iliyotumwa kuipima ndiyo iliyoivuta chini.

Hewa hiyo hiyo iliisumbua setilaiti nyingine, na hapa sasa tunarudi kwenye mvua. Mwishoni mwa Novemba 1997, wakati huku kwetu mvua za El Niño zikikata barabara na kuchukua madaraja, Marekani na Japani walirusha TRMM, setilaiti ya kwanza kubeba rada ya kupima mvua kutoka angani. Ilipita chini, kilomita 350 tu, kwa hiyo hewa iliivuta kila siku nayo ikalazimika kuchoma mafuta kujiinua. Agosti 2001 waendeshaji wakaipandisha hadi kilomita 402 hivi ili mafuta yadumu. Ilitengenezwa kwa kazi ya miaka mitatu. Ilifanya kazi miaka 17, mpaka 2015.

Ramani za mvua zilizotumika sana kutokana na setilaiti hiyo ziliigawa nchi katika miraba ya kilomita kama 28 kila upande. Sasa wewe unayeujua Meru, mlima wa mita 4,566, niambie. Kusini, Tengeru na Usa River, ni migomba na matope. Zunguka kaskazini, Ngarenanyuki, ni vumbi. Mraba mmoja waweza kuwabeba wa matope na wa vumbi, ukawapa wote mvua moja! Ndiyo maana watengenezaji wa ramani hizo walizilinganisha kila mwezi na vipima mvua vya ardhini, wakazisahihisha. Hilo ndilo jibu la swali la mzee. Ni kweli kwamba hesabu hizo hutoka vituo rasmi, siyo kila mtungi wa shule. Lakini namba za mvua siku hizi zina fedha ndani yake: mwaka 2009 wenzetu wa Kenya walianzisha bima ya Kilimo Salama, ambayo mkulima alilipwa kwa kufuata mvua iliyopimwa, bila mtu kuja kukagua shamba lake. Kipima kikidanganya, anayelala njaa ni yeye.

Ijumaa nikamchukua mzee, tukapanda wote mpaka shuleni. Mwalimu alitupokea vizuri, akaleta viti. Mzee hakuketi. Aliinama, akatia vidole viwili kwenye faneli ya mtungi, akatoa jani bovu na utando wa buibui. Kisha akaomba daftari, akafungua mwezi wa Aprili, katikati ya masika.

"Mwalimu, naona Jumamosi na Jumapili zote ni sifuri. Haikunyesha?"

"Ilinyesha sana, mzee. Ila siku hizo wanafunzi hawaji."

Mzee alinyamaza kidogo. Halafu akamweleza kwa upole, kama anavyoelezwa mkwe, kwamba sifuri nayo ni kipimo; maana yake nilikwenda, nikatazama, palikuwa pakavu. Siku ambayo hukwenda, acha nafasi wazi. Jumatatu andika maji yote uliyoyakuta, na pembeni useme ni ya siku tatu. Mwalimu akachukua kalamu nyekundu, akaanza kuziwekea alama zile sifuri, moja baada ya nyingine. Zilikuwa nyingi.

Likabaki tawi. Nilidhani litamalizwa kwa panga, kumbe mgrivea ule si wa shule, ni wa jirani, na mwenyewe alikuwa amesafiri. Ikaamuliwa kipima kihamishwe. Mzee akaukadiria mti mita 15, akageuka, akaanza kuhesabu hatua 30 ndefu kuelekea uwanjani, wanafunzi wakimfuata nyuma na jembe. Akasimama, akagonga ardhi kwa kisigino.

"Hapa," akasema.

Wanafunzi wakatazamana, kisha wakamtazama mwalimu. Palikuwa kwenye alama ya penalti.