Waandishi Walipokutana Makerere



Nimeombwa niseme machache juu ya mikutano ya waandishi duniani. Ni mingi, nitasema juu ya mmoja tu, uliofanyika jirani.

Mwezi Juni, 1962, waandishi walikutana katika Chuo cha Makerere, Kampala. Walikuwapo Chinua Achebe, Wole Soyinka na Christopher Okigbo wa Nijeria, Ezekiel Mphahlele wa Afrika Kusini, na hata Langston Hughes, mshairi mashuhuri wa Marekani. Walijadiliana fasihi ya Afrika ni ipi hasa. Mwanafunzi mmoja wa chuo hicho, Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo akiitwa James Ngugi, alimpa Achebe mswada wake ausome. Mwaka 1964 riwaya yake, Weep Not, Child, ikatoka. Vijana, hiyo ndiyo faida ya mikutano hii. Si hotuba, kama hii yangu inayowachosha, bali kumpata mkubwa wa kazi ukamtia karatasi zako mkononi.

Lakini mkutano wenyewe uliitwa wa waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza. Ngũgĩ aliingia kwa hadithi fupi chache. Shaaban Robert, aliyekwisha kutoa Kusadikika tangu 1951, pamoja na mashairi, insha na habari za maisha yake, hakuwa na nafasi, maana aliandika kwa Kiswahili. Alifariki dunia mwezi huo huo wa Juni. Sisemi kwamba angeweza kusafiri; nasema kiti chake hakikuwekwa.

Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulieleza jambo hilo katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind. Januari 2000 alikuwamo Asmara, Eritrea, waandishi na wataalamu walipokutana kwa ajili ya lugha za Kiafrika. Zaidi ya miaka 37 ilikuwa imepita.

Sasa, nimeiona ratiba ya usomaji wa jioni ya leo. Maandishi tisa, yote ya Kiingereza. Asubuhi kijana wa kidato cha tatu alinionyesha shairi lake la Kiswahili, vina safi, mizani imetimia isipokuwa mshororo mmoja. Akaniambia halikupokelewa kwa sababu ya lugha. Ndugu Mwenyekiti, naomba liwe la kumi. Ule mshororo amekwisha kuurekebisha.