Walaji wa Gesi ya Kinamasi
(Hotuba iliyotolewa siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Niliombwa niseme juu ya kazi ya serikali. Mniwie radhi, nitasema juu ya matope.

Sisi wa Kibondo na Kasulu tumekulia jirani na ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, kilomita za mraba 32,500 hivi, ya kwanza nchini kuingia katika orodha ya Ramsar, mwaka 2000. Utotoni tulichoma tope kwa fimbo ili mapovu yatoke, tukajaribu kuyawasha kwa kiberiti. Gesi hiyo ni methani. Baadaye, nikiwa ofisa kijana mwenye digrii yake, niliandika taarifa nikaliita bonde moja la mafunjo "ardhi isiyo na kazi".

Kazi ilikuwapo. Pale tope lisilo na hewa linapokutana na maji yenye oksijeni, wanaishi bakteria wanaokula methani kabla haijafika angani. Wengi wao hawali ila methani na methanoli, ambayo ni jamii ya spiriti. Wachache, kama Methylocella, huweza kula hata asidi ya siki. Lakini chakula peke yake hakitoshi. Kimeng'enya kinachovunja methani huhitaji shaba. Shaba ikiadimika, baadhi yao hukiweka kando na kuunda kingine, cha chuma. Badiliko hilo lilielezwa mwaka 1983. Methanoli nayo kwa muda mrefu ilidhaniwa kuvunjwa kwa msaada wa kalsiamu tu; mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba bakteria mmoja wa tope la volkano huko Italia hakui bila lanthanamu, seriamu au ndugu zao. Sisi darasani tulizipita metali hizo haraka, maana hazikuja kwenye mtihani! Nazo ziko jirani: Gakara, Burundi, zilichimbwa tangu enzi ya Wabelgiji.

Basi mabonde mawili yenye gesi ile ile yaweza kuwa na walaji tofauti, kwa sababu ya chembe za metali tu. Taarifa yangu ilikuwa na safu ya hekta na safu ya magunia ya mpunga. Ya metali haikuwamo.

Bonde lile halikulimwa. Si kwa hekima yangu, fedha zilikwisha. Mwezi ujao nitapita huko tena. Mwalimu wa Kemia ameniagiza chupa sita za tope, tatu za juu na tatu za chini. Kijana asiyeogopa kuvua viatu ajiandikishe kwake.