Sheria ya Nchi Gani? Hifadhi ya Jamii ya Mfanyakazi Anayevuka Mpaka



Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, mali zake nyingi zilionekana kwa macho: injini za treni, meli za ziwani, ndege, majengo. Kila nchi ilishika kilichokuwa karibu yake. Ilikuwapo pia mali isiyoonekana, nayo ni miaka ya utumishi ya maelfu ya wafanyakazi wa reli, bandari, posta na simu. Mtu aliweza kuzaliwa Tabora, akaajiriwa Nairobi, kisha akahamishiwa Kampala, na kote huko mwajiri wake alikuwa mmoja. Mwajiri huyo alipokufa, mfanyakazi hakujua amdai nani uzee wake.

Msuluhishi Victor Umbricht, raia wa Uswisi, alifanya kazi kwa miaka kadhaa mpaka mkataba wa kugawana mali na madeni ukatiwa saini Arusha mwezi Mei 1984. Kuhusu pensheni, mkataba ulisema kila nchi iwalipe raia wake. Kwenye karatasi jambo likaisha. Kwa wastaafu halikuisha. Watanzania walikwenda mahakamani, na makubaliano ya malipo yakapatikana mwaka 2005, miaka 28 baada ya Jumuiya kufa. Wakenya zaidi ya 700 walifungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2010. Jibu walilopewa ni kwamba Mkataba wa Jumuiya mpya haurudi nyuma kugusa yaliyotokea kabla haujaanza kutumika. Wengi wa wastaafu hao walizikwa wakisubiri.

Nimeanza na historia hii kwa sababu ni yetu wenyewe, na kwa sababu watu wanapozungumzia hifadhi ya jamii ya wanaovuka mipaka hudhani ni jambo la Ulaya tu. Sisi tulilijua mapema, na tulililipia.

Tutazame hali ya leo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya mpya ilitiwa saini tarehe 20 Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ibara ya 10 inampa mfanyakazi anayekwenda nchi mwanachama haki ya kupata hifadhi ya jamii sawa na wafanyakazi wa nchi aliyofikia, na inalitaka Baraza la Mawaziri litoe maelekezo na kanuni za kutekeleza haki hiyo. Ahadi ni nzuri. Kinachonisumbua ni mtu aliye chini yake.

Tuseme mwalimu wa hesabu amefundisha Arusha miaka 10. Kila mwezi hati yake ya mshahara inaonyesha makato ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii: asilimia 10 yake na asilimia 10 ya mwajiri, ikiwa mwajiri ni mwaminifu. Kisha anapata kazi Kigali, anafundisha miaka 7, na makato yanakwenda RSSB, bodi ya hifadhi ya jamii ya Rwanda. Tanzania inataka miezi 180 ya michango ili mtu apate pensheni ya kila mwezi. Rwanda nayo inataka miaka 15, yaani miezi ileile 180. Mwalimu wetu ana miezi 120 huku na 84 kule. Amechangia miezi 204 bila kukosa hata mmoja, kisha kila dirisha linamwambia hajatimiza. Atapewa mkupuo huku na mkupuo kule, na pensheni ya kumlinda mpaka mwisho wa uhai wake hataipata. Hakuna aliyevunja sheria hapo. Kila mfuko umefuata sheria yake, na mtu mwenyewe ameanguka katikati.

Hoja yangu jioni hii ni kwamba tumekuwa tukianza na swali lisilo la kwanza. Kila mkutano wa mifuko yetu unaulizana viwango vitalinganaje, umri wa kustaafu utafananaje, kikokotoo kitakuwaje. Mimi nasema kwanza tukubaliane sheria ya nchi gani inamshika mfanyakazi huyu leo, na iwe moja. Hilo likishakubaliwa, mifuko inaweza kubaki tofauti kama ilivyo, na bado mtu akalindwa.

Ulaya ilianza hivyo. Ufaransa na Italia ziliandikiana mkataba wa kazi mwaka 1904, wakati wafanyakazi wengi wa Kiitalia walikuwa viwandani na migodini Ufaransa. Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya ilipozaliwa, kanuni yake Namba 3 ya mwaka 1958, miongoni mwa sheria zake za mwanzo kabisa, ilihusu hifadhi ya jamii ya wafanyakazi wahamiaji. Fikirini hilo: mwanzoni kabisa walipatana juu ya makato ya mchimba makaa ya mawe. Kanuni wanayoitumia sasa, Namba 883 ya 2004, ilianza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2010, miezi miwili kabla ya Itifaki yetu. Na hadi leo mifuko ya Ujerumani, Ureno na Polandi haifanani.

Msingi wa kanuni hiyo ni huu: mtu hushikwa na sheria ya nchi moja tu kwa wakati mmoja, na kwa kawaida nchi hiyo ni ile anayofanyia kazi, hata kama analala nchi nyingine, hata kama mwajiri wake ana ofisi nchi ya tatu. Mtu anayelala Ufaransa na kufanya kazi Luxembourg huchangia Luxembourg. Mwajiri akimtuma mfanyakazi wake nchi nyingine kwa muda, kwa kutarajia kwamba kazi haitazidi miezi 24, na hakumtuma kuchukua nafasi ya aliyetumwa kabla yake, mfanyakazi anabaki chini ya sheria ya nyumbani. Anapewa cheti kinachoitwa A1, karatasi inayosema sheria ya nchi fulani ndiyo inayotumika kwake, na mkaguzi wa nchi aliyokwenda anatakiwa kuiheshimu. Benki zenye makao makuu Nairobi zina matawi Kampala, Dar es Salaam, Kigali na Kinshasa. Meneja anayepelekwa mwaka mmoja kufungua tawi anahitaji karatasi ya namna hiyo, asije akakatwa huku na huku kwa mshahara mmoja.

Kugumu ni kwa dereva, na kwake nitakaa kidogo, kwa sababu njia ya kutoka Mombasa kwenda Malaba, Kampala, Katuna na Kigali ina madereva wengi kuliko walimu na mameneja wa benki. Dereva anaishi Moshi. Kampuni iko Mombasa. Wiki hii yuko Uganda, wiki ijayo Rwanda, na usiku mwingine analala kwenye foleni ya mpakani ndani ya kabini. Kazi yake iko wapi? Ulaya inajibu hivi: mtu anayefanya kazi katika nchi mbili au zaidi anafuata sheria ya nchi anayoishi, ikiwa sehemu kubwa ya kazi yake iko huko. Robo ya muda wa kazi au ya ujira ndiyo kipimo wanachoanzia. Isipofika robo, inatumika sheria ya nchi yalipo makao ya mwajiri. Dereva wetu, ambaye Tanzania anaipita mara chache, angekuwa chini ya sheria ya Kenya.

Jibu hilo linafaa, ila lina mlango wazi, na mlango huo Ulaya waliuona kwa uchungu. Kampuni moja iliyosajiliwa Cyprus iliandikiana mikataba ya ajira na madereva wa malori wakazi wa Uholanzi. Madereva waliendelea kuendesha malori ya kampuni za Kiholanzi, wakipangiwa safari na kampuni hizohizo. Kilichohama ni jina la mwajiri kwenye karatasi, na pamoja nalo sheria ya michango. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu yake tarehe 16 Julai 2020: mwajiri ni yule mwenye mamlaka halisi juu ya dereva, anayebeba gharama ya mshahara wake kiukweli, na mwenye uwezo wa kumfukuza. Jina lililopigwa chapa kwenye mkataba halitoshi.

Naomba wanaoandika kanuni zetu waichukue hukumu hiyo kama ilivyo. Michango yetu inatofautiana: Uganda asilimia 5 ya mfanyakazi na 10 ya mwajiri, Tanzania jumla ya asilimia 20, Kenya asilimia 6 kwa 6 yenye ukomo wa kipato kinachokatwa. Tukiruhusu anwani ya usajili iamue, kesho asubuhi tutaona kampuni za kukodisha madereva zikifunguliwa kwenye chumba kimoja mahali penye makato madogo, na dereva atakayezeeka ndiye atakayelipa tofauti.

Sisemi Ulaya wamepata kila kitu. Kanuni ya sheria moja ina ukali wake. Uholanzi kila mwaka wa ukaazi humwongezea mtu asilimia 2 ya pensheni ya uzeeni ya msingi, mpaka miaka 50 itimie. Walikuwapo wakazi wa Uholanzi waliovuka kwenda Ujerumani kufanya vibarua vya siku chache kwa mwezi. Kwa vibarua hivyo wakahamia sheria ya Ujerumani kwa mwezi mzima, na Uholanzi ikaacha kuwahesabia asilimia zao, ilhali Ujerumani haikuwapa pensheni ya maana kwa kazi ndogo kama ile. Mahakama ya Ulaya mwaka 2015 ilithibitisha kwamba hata siku ambazo hawakufanya kazi walikuwa chini ya sheria ya Ujerumani. Mama anayevuka Busia mara mbili kwa wiki kufua na kupika kwa mwajiri wa upande wa pili angeweza kuumizwa vilevile. Kwa hiyo kanuni yetu iseme wazi kwamba nchi ya makazi haizuiwi kumwongezea mkazi wake kile ambacho sheria yake yenyewe inampa, na kwamba kibarua kidogo hakimfuti mtu kwenye mfuko wa nyumbani.

Sheria ikishajulikana, kazi ya pili ni kujumlisha. Nirudi kwa mwalimu wetu. Chini ya utaratibu wa Ulaya, Tanzania ingemuuliza Rwanda alichangia miezi mingapi, ingeongeza 84 juu ya 120, ingeona amevuka 180, kisha ingekokotoa pensheni kama kwamba miezi yote 204 ilikuwa ya Tanzania, na ingelipa sehemu yake tu, yaani 120 kwa 204. Rwanda ingefanya hivyo kwa 84 yake. Hakuna fedha inayohama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, na hakuna mfuko unaolipa zaidi ya muda uliopokea michango. Wanaohofia kwamba hifadhi inayovuka mipaka itafilisi mifuko yetu wanahofia utaratibu ambao haupo.

Palipo na mtihani wa kweli ni Uganda. NSSF ya Uganda ni mfuko wa akiba: mwanachama akifika miaka 55 huchukua fedha zake zote na riba kwa mkupuo. Hauna kizingiti cha miezi cha kuvuka. Tanzania ilitoka kwenye mfumo huo mwaka 1997 mfuko wake wa akiba, NPF, ulipogeuzwa kuwa NSSF, na Kenya ilitunga sheria ya kuuacha mwaka 2013. Miezi ya Uganda inaweza kuhesabiwa Tanzania ili kufungua mlango wa pensheni, na hilo linahitaji kumbukumbu nzuri tu. Lakini mtu akishazitoa fedha za Kampala zikaisha, anabaki na pensheni ya sehemu tu kutoka Tanzania. Maoni yangu ni kwamba mwanachama aliyechangia nchi mbili apewe hiari ya kugeuza akiba yake ya Uganda kuwa malipo ya kila mwezi, na hiari hiyo aelezwe kwa lugha anayoielewa kabla hajasaini fomu ya mkupuo.

Nimeulizwa kama haya yote yanawahusu wachache, maana wengi wanaovuka Holili, Namanga au mpaka wa Goma na Gisenyi ni wachuuzi na wavuvi wasio na hati ya mshahara. Ni kweli, na inauma. Rwanda ilizindua mpango wa akiba wa Ejo Heza mwaka 2018 kwa ajili ya watu hao. Mipango ya hiari ya namna hiyo iingizwe kwenye kanuni tangu siku ya kwanza. Na tusisahau kwamba Burundi, Rwanda na Zaire (Kongo ya leo), chini ya Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, ziliandikiana mkataba wa jumla wa hifadhi ya jamii tangu miaka ya 1970. Nchi tatu kati ya wanachama wetu wa leo zilishakubali msingi huu kabla wanafunzi wengi waliomo humu hawajazaliwa. Wataalamu wa Bujumbura, Kigali na Kinshasa waliowahi kubadilishana mafaili chini ya mkataba huo wangepaswa kuketi mbele tunapoandika kanuni zetu.

Liko jambo la mwisho, na waandishi wa sheria hulisahau kwa sababu liko kwenye ibara za mpito. Kanuni ya Ulaya ya 2004 inasema kwamba vipindi vya michango vilivyotimizwa kabla haijaanza kutumika navyo vihesabiwe katika kuamua haki ya mtu. Kwetu pia iandikwe hivyo, kwa maneno yasiyo na utata, na irudi nyuma mpaka mwezi wa kwanza ambao mfuko wowote wa nchi wanachama una kumbukumbu zake. Mwalimu aliyevuka mwaka 2011 kwa kuiamini Ibara ya 10 asije naye akaambiwa, kama walivyoambiwa wale wa reli na posta, kwamba sheria imekuja lakini haimgusi.