Kubatizwa na Kupewa Jina: Je, ni Jambo Moja?

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya wazee wa kanisa, wainjilisti na viongozi wa vikundi vya akina mama kutoka sharika za Mbulu na Hanang)



Najua wengine mnajiuliza mratibu wa miradi anatafuta nini kwenye habari za ubatizo. Mmezoea kunisikia nikisema juu ya mbuzi wa maziwa, visima na majiko sanifu. Mchungaji ameniruhusu, naye atanirekebisha nikipotoka.

Jambo hili lilianzia mezani kwangu. Tuliletewa fomu za watoto wanaosaidiwa ada ya shule, na fomu zenyewe zilikuwa za Kiingereza. Katika lugha hiyo wanayo maneno mawili kwa jambo ambalo sisi tunaliita ubatizo. Moja limetoka kwenye Kigiriki cha Agano Jipya, lina maana ya kuchovya au kuzamisha majini. La pili limetokana na jina la Kristo mwenyewe, yaani kumfanya mtu awe wa Kristo. Zamani yote mawili yalisema kitu kimoja. Lakini siku hizi watu wengi kule wakitumia lile la pili huwa wanafikiria sherehe ya kumpa mtoto jina, na gauni jeupe, na keki. Hata meli mpya wanailia neno hilo hilo inapopewa jina.

Tusiwacheke. Sisi tuna neno moja tu, lakini tumelichanganya vile vile. Hamjasikia watu wakisema, "Fulani wamembatiza jina la Mwarabu"? Hakuna maji, hakuna Neno, ni utani wa kijiweni tu, lakini tunasema amebatizwa. Na mzazi ukimwuliza kwa nini amemleta mtoto kanisani, mara nyingi anajibu, "Apate jina." Hapo ndipo shida inapoanza.

Tuangalie Maandiko. Luka 2:21 inatueleza kwamba Bwana wetu alipewa jina siku ya nane, alipotahiriwa. Ubatizo wake wa Yordani uko katika sura ya 3, naye alikuwa na umri wa kama miaka thelathini. Katikati ya jina na ubatizo kuna miaka thelathini! Yohana Mbatizaji naye alipewa jina siku ya nane, baba yake akaliandika kwenye kibao. Towashi wa Kushi katika Matendo 8 alibatizwa njiani, na hatuambiwi alipewa jina jipya. Lidia wa Filipi aliingia majini akiwa Lidia, akatoka akiwa Lidia.

Mababa wa Kanisa pia. Augustino, Mwafrika mwenzetu wa Thagaste, mji ulioko Algeria ya leo, alibatizwa Milano usiku wa Pasaka mwaka 387 akiwa mtu mzima wa miaka 32. Jina alilopewa na wazazi wake ndilo alilobaki nalo hadi akawa askofu. Desturi ya kuunganisha jina na ubatizo ilikua baadaye, watoto wachanga walipokuwa wakibatizwa mara tu wakizaliwa. Baba yetu Martin Luther alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483, akabatizwa kesho yake, sikukuu ya Mtakatifu Martin, akapewa jina hilo. Ni desturi nzuri. Lakini Luther huyo huyo, alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, alifundisha kwamba ubatizo ni maji pamoja na agizo na Neno la Mungu. Jina la mtoto hakulihesabu katika sehemu hizo. Mchungaji anapombatiza mtoto analitaja jina lake, lakini jina linalofanya kazi pale ni la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu.

Mtaniuliza, kuna tofauti gani kwa mama wa kule Basotu au Haydom? Ipo, na ni kubwa.

Katika mtaa mmoja upande wa Hanang nilimkuta mama mwenye mtoto wa karibu miaka miwili ambaye hajabatizwa. Si kwamba alikataa. Alikuwa anasubiri mavuno. Ndugu walishasema hawezi "kumpa mtoto jina" bila kuchinja, bila nguo mpya, bila kuwalisha wageni. Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Mtoto alipata homa ya mapafu, akafariki njiani kwenda hospitali. Yule mama hakuniuliza habari za dawa. Aliniuliza kama Mungu anamjua mwanawe. Nilimwambia kwamba Mungu hafungwi na kuchelewa kwetu, na kwamba anayehukumiwa ni anayeudharau ubatizo, siyo aliyekuwa akiutamani. Naamini hivyo. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu ya yule mbuzi wa sherehe. Nani aliweka mbuzi kati ya mtoto na maji? Siyo Kristo.

Kuna na wale ambao siyo sherehe inayowachelewesha, ni sisi wazee wa kanisa. Binti amezaa bila ndoa, ametengwa, basi na mtoto anaachwa nje mpaka mama arudishwe kundini. Sharika nyingine zinawapokea watoto hawa kupitia babu, bibi au wadhamini, nazishukuru. Zile ambazo bado, naomba wachungaji mlitazame upya. Mtoto hakuzini.

Tena tukumbuke ubatizo wa dharura. Mtoto akiwa hatarini, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza, hata mkunga, kwa maji na kwa jina la Utatu Mtakatifu. Kama familia haijapata jina, ubatizo haungoji jina. Akipona, mtoeni taarifa usharikani, aandikwe kitabuni, wala asibatizwe tena. Efeso 4:5 inasema habari ya ubatizo mmoja. Nasikia wapo wanaobatizwa upya eti kwa sababu jina la kwanza halikuwa la Biblia. Hapo jina limegeuzwa kuwa sakramenti.

Na majina yetu yana kosa gani? Tluway kwa Kiiraqw ni habari ya mvua. Mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha, katika nchi hii inayoililia mvua, anaitwa hivyo, na mimi naona ni shukrani tosha. Wadatoga nao wana akina Gida kwa wanaume na Uda kwa wanawake. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alimaliza mbio za marathoni Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia goti, na dunia inamkumbuka kwa jina la Akhwari.

Sasa nifike kwenye kazi yangu. Mtoto mmoja nimemwona kwenye kadi ya kliniki ni Tluway, kwenye cheti cha ubatizo ni Emanueli, na shuleni mwalimu ameandika Emmanuel na jina la babu. Watu watatu! Akifika kuomba mkopo wa elimu ya juu anatakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, ndipo mzazi anaanza kukimbilia viapo kwa wakili. Wengi wanafikiri cheti cha ubatizo kinatosha. Hakitoshi. Kinaweza kusaidia kama kiambatisho mtu anapoomba kusajiliwa kwa kuchelewa, lakini cheti cha kuzaliwa ni cha serikali, na sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Katika mpango wa watoto wa chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na kusambazwa mikoa mingine, cheti kinatolewa bila malipo kwa mtendaji wa kata na kwenye vituo vya tiba.

Kwa hiyo wainjilisti, mzazi akija kuandikisha ubatizo, mwulizeni tangazo la kizazi au cheti, na mwandike majina yale yale, herufi kwa herufi. Kama anataka kuongeza Emanueli, aongeze mapema kabla ya kusajili, asifute Tluway. Na vitabu vya ubatizo vitunzwe mahali pakavu, penye kufuli, na nakala iwekwe mahali pengine. Tope la Mlima Hanang lilipoingia Katesh na Gendabi tarehe 3 Desemba 2023, watu walipoteza ndugu na nyumba, na makaratasi yote yaliyokuwa ndani. Kwa mtu wa namna hiyo mstari mmoja katika kitabu cha usharika ni kitu cha kushika mkononi anapoanza upya.

Nimesema mengi, na chai inapoa. Namwona mzee wa Dongobesh amenyoosha mkono tangu nilipomtaja yule mbuzi. Karibu, mzee wangu, uliza.